Lisha, nyamaza, tazama, ndipo uandike

Sisi tunaoandika mambo ya roho tuna tabia moja: hatuwezi kumwona ndege akitua bila kumpandisha mimbarini. Shomoro anaokota punje, sisi tunaandika kwamba anatufundisha kutawakali, yaani kumwachia Mungu mambo yetu. Sisimizi anavuta bawa la nzi, tayari amekuwa somo la bidii. Paka akijinyoosha juani, basi huyo ni mwalimu wa utulivu. Mnyama mwenyewe hajaulizwa kitu, na mara nyingi hata hajatazamwa. Ametajwa tu, kisha tumeendelea na hotuba yetu.

Ninachoeleza hapa ni namna ya kuandika ukiwa na imani na ukiwa na mnyama, bila kumfanya mnyama huyo msemaji wa imani yako. Ni utaratibu ninaoufuata mwenyewe. Ninaandika hadithi fupi na insha, ninaswali, na ninaishi na paka dume mweusi anayeitwa Kaniki. Mambo hayo matatu hugombania alfajiri ileile na chumba kilekile, kwa hiyo ilibidi yapangiwe zamu. Msomaji asiye Mwislamu aweke sala yake pale ninapotaja swala. Asiyeswali wala kusali aweke kimya chake, utaratibu haubadiliki. Asiye na paka asiondoke, tutafika kwake.

Msingi wangu ni aya mbili za Qur'ani. Suratul Israa, aya ya 44, inasema hakuna kitu ila kinamtakasa Mwenyezi Mungu kwa sifa zake, lakini nyinyi hamfahamu kutakasa kwao. Suratun Nur, aya ya 41, inawataja ndege wakiwa wamekunjua mbawa zao, na kwamba kila mmoja amekwishajua swala yake na tasbihi yake. Nikizisoma nikiwa mwandishi, naona nimewekewa mpaka. Mnyama ana ibada yake, na mimi nimeambiwa wazi kwamba siifahamu. Naweza kuandika bawa lilivyokunjuliwa. Nikianza kuandika ndege anamwambia nini Mola wake, nimejipa elimu niliyonyimwa.

Lisha kwanza

Kabla ya udhu na kabla ya daftari, mnyama ale na anywe. Hili lina sababu ya dini na sababu ya kazi. Ya dini ni ile hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, vitabu viwili vya mapokeo ya Mtume, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini, mpaka akafa. Hadithi haisemi neno juu ya swala za mwanamke yule wala saumu zake. Inawezekana alikuwa hodari wa zote mbili.

Ya kazi ni kwamba paka mwenye njaa atakuja kukaa juu ya ukurasa wako. Msidhani ni udhia ulioletwa na kompyuta. Katika hifadhi ya nyaraka ya Dubrovnik, nchini Kroatia, kuna kitabu cha karne ya 15 chenye nyayo za paka, za wino, zilizokatiza juu ya maandishi ya karani. Karani yule simjui, lakini nadhani nalijua bakuli la paka wake lilikuwa na nini siku ile.

Na kulisha si kumwaga chakula huku unaondoka. Osha bakuli la maji. Usiongeze maji mapya juu ya ya jana. Safisha beseni la mchanga, na uangalie kilichomo kabla hujakitupa. Mwangalie anavyotembea kutoka alipolala hadi alipo chakula chake. Paka huficha maumivu, na mara nyingi utakachoona ni kitu kidogo tu: ameacha kurukia dirisha alilozoea, au anakula akiwa ameinamisha kichwa upande. Akikuruhusu, pitisha mkono mgongoni, ubavuni, chini ya taya. Vidole vyako vijue mwili wake ulivyo akiwa mzima, ili siku ukibadilika vikwambie.

Saa ya kengele hutahitaji. Paka kwa maumbile yake huchangamka zaidi mapambazuko na machweo. Kaniki hunigusa paji la uso kwa mguu wa mbele, kucha zikiwa ndani. Nikijifanya sijasikia, kucha hutoka kidogo.

Nyamaza

Shida ya kwanza utakayokutana nayo ni ya kimwili: paka atakaa palepale paji lako la uso linapotakiwa kugusa. Kitambaa kimetandikwa sakafuni na mtu anainama juu yake. Paka gani atakataa mwaliko huo? Usiikate swala. Msogeze kwa mkono, taratibu, uendelee. Mtume (s.a.w.) aliswali akiwa amembeba mjukuu wake Umama. Akisujudu alimweka chini, akisimama alimbeba tena. Kumsogeza paka ni jambo dogo kuliko hilo. Akirudi, sujudu pembeni yake, na ukimaliza ukung'ute mswala.

Ukishatoa salamu, kaa. Hapa ndipo waandishi tunapopapatika, maana wazo zuri hupenda kuja wakati huohuo, na mkono unaanza kutafuta simu. Simu yangu hulala chumba kingine. Kalamu naiweka mbali kiasi cha kunilazimu kusimama. Wazo likija, liache lipite. Likiwa na uzito litarudi mchana, na lisiporudi sitalililia. Najua wapo watakaosema wazo ni riziki, na riziki haikataliwi. Sina ugomvi nao. Ila nimewahi kuona jinsi mtu anayekaa na kalamu kwenye mswala anavyoanza, kidogo kidogo, kuswali ili apate sentensi.

Ukae hivyo kwa muda gani? Mimi huangalia masikio ya paka. Paka anaweza kulizungusha kila sikio peke yake, karibu nusu duara. Mwanzoni sikio moja litakuwa limekuelekea wewe, likifuata mchakacho wa nguo na pumzi zako. Ukitulia kwelikweli, sikio lile litahama, litaelekea dirishani au kwenye ukuta ambao ndani yake kuna jambo usilolisikia, na halitarudi kwako. Umekwisha kuwa si habari tena. Sasa unaweza kuanza kutazama.

Tazama

Katika kutazama, kiongozi wangu ni Kabsha binti Kaab bin Malik. Baba mkwe wake, Abu Qatada, sahaba wa Mtume, aliingia kwake, naye akammiminia maji ya kutawadhia. Akaja paka akitaka kunywa. Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Kabsha anasema: akaniona ninamtazama. Akamuuliza, unastaajabu, binti wa ndugu yangu? Akajibu, ndiyo. Ndipo akamweleza kwamba Mtume (s.a.w.) alisema paka si najisi, ni miongoni mwa wale wanaowazungukia majumbani.

Hadithi hiyo imo kwa Abu Dawud na Tirmidhi, wakusanyaji wengine wa hadithi, na wanafiqhi, yaani wanazuoni wa sheria, huisoma kwa ajili ya hukumu ya maji. Mimi huisoma pia kwa ajili ya kile chombo kilichoinamishwa. Kabsha angeweza kutupa hukumu peke yake, ikatutosha. Ametupa na mkono, na maji yaliyosogea ukingoni, na yeye mwenyewe akiwa amesimama anakodoa macho. Baba yake, Kaab bin Malik, alikuwa mshairi, mmoja wa washairi wa Mtume. Pengine haihusiani. Mimi napenda kuamini kwamba jicho lile alilirithi.

Sasa namna yenyewe. Keti chini, macho yako yakaribiane na kimo cha mnyama. Paka usimkazie macho usoni, kwani kwake huo ni ugomvi. Fumba macho polepole, yafumbue polepole. Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya Sussex na Portsmouth, Uingereza, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba paka hujibu kufumba huko kwa kufumba, na kwamba humkaribia zaidi hata mgeni aliyewafanyia hivyo kuliko mgeni aliyewaangalia tu bila ishara yoyote usoni. Mimi nimeifanya ndiyo salamu yetu.

Kisha chagua kitendo kimoja. Paka mzima ni mkubwa mno kwa asubuhi moja. Chukua kunywa maji, kwa mfano. Roman Stocker, mhandisi aliyekuwa chuo cha MIT, Marekani, alimtazama paka wake akinywa wakati wa kifungua kinywa, akajiuliza maji yanapandaje. Sisi wengine tumeliona jambo hilo maisha yetu yote na tungekula kiapo kwamba paka huukunja ulimi akachota. Stocker na wenzake wakampiga picha kwa kamera ya kasi, na mwaka 2010 wakachapisha walichogundua katika jarida la Science. Ncha ya ulimi hugusa tu uso wa maji, haizami. Ikiinuliwa kwa kasi huvuta nguzo nyembamba ya maji, na paka huifunga kinywani kabla uzito wa maji haujairudisha chini. Hufanya hivyo karibu mara nne kwa sekunde. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Kwa heshima zote, naona mwenye macho ndiye hasa wa kuambiwa.

Daftari sasa linaruhusiwa. Piga mstari katikati ya ukurasa kutoka juu hadi chini. Upande wa kushoto andika ulichokiona, upande wa kulia ulichokidhani. Kushoto kuna masharti: usitumie "kama", usitumie kivumishi cha moyo, yaani mpole, mwenye kiburi, mwenye huzuni, na usiandike neno lolote linalokutaka uingie kichwani mwa mnyama. Unabaki na kiungo cha mwili, kitenzi na mahali. Kulia hakuna sheria. Ukitaka kuhubiri, hubiri.

Hii hapa asubuhi moja kutoka daftari langu, upande wa kushoto: "Kaniki yuko mlangoni. Mguu wa mbele wa kulia umeinuka, haugusi sakafu. Sikio la kushoto limeelekea nje. Ncha ya mkia inagonga, inatulia, inagonga. Amelamba pua. Ameshusha mguu. Hakuingia." Upande wa kulia, mkabala na hayo, niliandika: "Anasita. Imani ni kusita mlangoni?"

Mstari ule wa kulia unaonekana una kina, na ungepita kwa mhariri. Lakini uchunguze: unaweza kuuweka kwa paka yeyote, kwa mbwa, kwa mgeni wa arusi, kwa mtu aliyeitwa kwenye usaili wa kazi. Hauna Kaniki ndani yake. "Hakuingia" ndiyo sentensi yenye kazi. Ina mnyama aliyepima kitu nisichokisikia, akaamua, na sababu yake akakaa nayo mwenyewe. Kutoka hapo naweza kuandika hadithi. Kutoka kwenye mstari wa kulia naweza kuandika kadi ya sikukuu.

Vitabu vya elimu ya wanyama visome, ila baada ya kutazama. Mimi hupenda kwanza kushangaa kwa ujinga wangu, kisha nikasahihishwe. Niliposoma kwamba paka haonji utamu wa sukari, kwamba wanasayansi walieleza mwaka 2005 kuwa jeni moja inayohitajika kwa kuonja huko imeharibika katika ukoo wa paka wote, ilibidi nirudi kwenye hadithi iliyokuwa karibu kwenda kuchapwa na kumwondolea paka wangu wa kubuni furaha aliyoipata kwa kulamba keki. Aliyefurahia keki ni mimi. Vilevile, kitu kilicho karibu sana na pua paka hakioni vizuri, hukitambua kwa masharubu. Mwandishi anayejua hilo hatamfanya paka akikodolee macho kipande cha nyama kilichogusa pua yake. Ataandika masharubu yakija mbele.

Usiye na paka

Mnyama hukosi. Buibui yupo. Wengi katika wale wanaofuma tando za duara huula utando wa jana na kufuma mwingine, mara nyingi gizani, kwa hiyo mtafute jioni, kwa taa hafifu, na usimpumulie. Katika Suratul Ankabut, aya ya 41, nyumba yake imeitwa dhaifu kuliko nyumba zote. Iguse kwa ncha ya unywele uone anavyotoka. Andika kushoto.

Shomoro naye yuko dirishani. Akiwa chini huenda kwa kurukaruka, miguu miwili pamoja. Njiwa hutembea, mguu baada ya mguu, kichwa kikienda mbele, kikisimama, mwili ukikifuata. Andika tofauti hiyo kwa mistari kumi, na neno "kuruka" ulitumie mara moja tu. Ni zoezi gumu kuliko linavyosikika, na nimewahi kuliona likimshinda mshairi mwenye diwani mbili.

Mbwa kwangu ni suala lenye adabu zake. Ninafuata madhehebu ya Shafi, na kwetu chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, kwa hiyo mbwa wa jirani haingii ninaposwalia. Bakuli lake la maji liko nje ya mlango, nami huketi kizingitini nikimtazama. Hanywi kwa namna ya paka hata kidogo. Ulimi wake hupinda kwa nyuma, huzama, na nusu ya maji huishia sakafuni. Kila nikimwona naikumbuka hadithi ya Bukhari ya mtu aliyemkuta mbwa akihema na kulamba udongo kwa kiu. Mtu yule alishuka kisimani, akakijaza maji kiatu chake, akakishika kwa kinywa, akapanda, akamnywesha mbwa, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Mwandishi, simama hapo kwenye kinywa. Mikono yake ilikuwa na kazi ya kupanda. Kwa maneno hayo machache kisima kimepata kina, kuta zimepata utelezi, na huruma imepata uzito wa kiatu kilicholowa katikati ya meno. Hakuna mahali msimulizi ametuambia kwamba mtu yule alikuwa mwema.

Andika

Usiandike papo hapo. Nenda kafanye kazi nyingine, ya nyumba au ya mwajiri. Ukirudi mezani, chukua karatasi ufunike upande wa kulia wa daftari. Soma kushoto peke yake, kwa sauti. Utakuta mstari mmoja usiouelewa, wenye kitendo ambacho huna maelezo yake. Anzia hapo. Ukianza na mstari unaouelewa, utakuwa unaandika jibu la swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Mnyama ukimweka katika hadithi, mpe haja yake mwenyewe. Tazama sisimizi wa Suratun Naml, aya ya 18. Jeshi la Nabii Sulaiman linakuja bondeni, na sisimizi mmoja anawaambia wenzake waingie majumbani mwao, wasije wakapondwa na Sulaiman na majeshi yake bila wao kutambua. Basi. Hakumhubiria mfalme, hata hakuzungumza naye. Alizungumza na sisimizi wenzake juu ya jambo la sisimizi, ambalo ni nyayo. Sulaiman akasikia, akatabasamu, akaomba dua ya shukrani. Dua ni ya Sulaiman. Sisimizi alikuwa na haraka ya kuingia ndani.

Kwa hiyo mimi hupima rasimu kwa njia mbili. Kwanza namwondoa mnyama kwenye tukio. Likibaki vilevile, mnyama alikuwa pambo, na pambo naliondoa kabisa au nalipa kazi. Pili natafuta njaa yake, au usingizi wake, au muwasho wake. Paka mwenye maana na asiye na muwasho hajawahi kuzaliwa. Halafu napitia maneno "anatufundisha", "anatukumbusha", "ni ishara ya", nikiyakuta nayakata. Mwisho kabisa naifunika aya ya mwisho kwa kiganja na kusoma kazi bila yake. Kwetu sisi wenye dini aya ya mwisho ina desturi ya kuvaa kanzu.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa Biblia, hunipinga kila tukikutana. "Dada yangu," huniambia, "kitabu chenyewe kimetutuma kwa chungu tukajifunze!" Ni kweli, Mithali sura ya 6 inamwambia mvivu amwendee chungu, azitafakari njia zake apate hekima. Lakini angalia mpangilio, namjibu: kwenda, kutafakari njia, ndipo hekima. Na aya zinazofuata zinaorodhesha mambo yaliyoonwa: hana akida wala msimamizi, hujiwekea akiba wakati wa jua. Aliyeandika alikuwa ameinama chini muda mrefu. Mtu akiinama kiasi hicho, mimi nitamruhusu fundisho lake, tena kwa furaha. Rafiki yangu hucheka na kusema nimekubali alichosema. Labda.

Akiugua, akifa

Siku mnyama anapougua hakuna insha. Daftari linaendelea, upande wa kushoto tu, kwa ajili ya daktari wa wanyama: amekula kiasi gani, ametapika nini, amelala wapi, ameenda mchangani mara ngapi na nini kimetoka. Wenye paka dume shikeni hili: paka anayechuchumaa mchangani tena na tena, akijikamua na mkojo usitoke, ni wa kupelekwa kwa daktari saa hiyohiyo. Njia ya mkojo ikiziba, siku moja au mbili zinatosha kumuua. Mtu asiyezoea kutazama hudhani amefunga choo tu. Sala ya siku hiyo naisoma nikiwa njiani, kikapu kikiwa mapajani.

Akifa, usikimbilie shairi. Mashairi ya wiki ya kwanza huwa yanamhusu mwandishi. Fungua madaftari ya zamani, nakili mistari yote ya kushoto inayomhusu, kisha iandike upya kwa mtu ambaye hakuwahi kumwona: alikuwa na rangi gani, alikunywaje maji, alilala wapi, hakupenda nini. Paka aliyekuwa kwangu kabla ya Kaniki hakupenda mlio wa mfuko wa nailoni ukikunjwa, na alilala ndani ya droo ya bahasha, ambayo sikuifunga mpaka alipoondoka. Hayo niliyaweka mbele. Mwishoni niliongeza mistari miwili ya dua, nikiomba msamaha kwa usiku niliomfungia mlango nipate kuandika. Mhariri alitaka iondolewe, akisema inaharibu utulivu wa kazi. Niliikatalia. Yale mengine yote yalikuwa ya paka. Mistari ile miwili ilikuwa yangu.